Dodoma hadi Sirari, wiki ya mtihani wa darasa la saba

Jumatano, Dodoma

Safari hii inafuatilia ndoa za utotoni, na njia yake haikuchaguliwa kwa uzuri wa mandhari. Katika utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010, mikoa minne iliongoza kwa wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya kutimiza 18: Shinyanga asilimia 59, Tabora 58, Mara 55, Dodoma 51. Barabara ya kwenda Ziwa Victoria inaigusa yote minne. Anayependa kunukuu takwimu hizo akumbuke kwamba Shinyanga ya 2010 bado ilikuwa na maeneo ambayo mwaka 2012 yalihamia Simiyu na Geita, kwa hiyo ile 59 si ya mkoa wa leo. Utafiti wa 2015-16 uliweka wastani wa Tanzania kwenye asilimia 31, na asilimia 5 walikuwa wameolewa hata kabla ya miaka 15.

Wiki nayo ina sababu yake. Leo na kesho darasa la saba wako kwenye chumba cha mtihani. Kesho jioni wasichana wa miaka 13 na 14 watatoka kwenye rejista ya shule ya msingi, na shule ya sekondari haitawafungulia hadi Januari. Ndoa nyingi za utotoni hupangwa ndani ya pengo hilo. Kabla ya hapo mtoto yuko darasani na mwalimu anamhesabu kila asubuhi. Akishaingia sekondari kuna mwalimu mwingine wa kumhesabu. Katikati hahesabiwi na mtu.

Dodoma ndiko sheria inakotungwa, kwa hiyo tuanze na sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 na mvulana kuoa akiwa na 18. Mahakama inaweza kushusha hadi 14 pakiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema msichana asiyefika 18 anahitaji ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, ya mama. Wote wakiwa hawapo, ya mlezi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo viwili vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili 18 iwe umri wa wote. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ukapita, na mingine ikafuata, bila Bunge kupitisha marekebisho.

Kijijini hukumu hiyo haifiki yenyewe. Kinachofika ni Sheria ya Elimu, ambayo tangu marekebisho ya 2016 ina kifungu cha 60A: kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo cha miaka mitano, au vyote. Mkuu wa shule anatakiwa kutuma taarifa ya kila robo mwaka ya ndoa na mimba shuleni. Meno haya ni makali, lakini yanamlinda *mwanafunzi*. Msichana wa miaka 15 aliyemaliza la saba na hakuchaguliwa kuendelea si mwanafunzi tena. Ongeza na Kanuni ya Adhabu, ambayo inaita ubakaji tendo la kulala na msichana chini ya 18, kisha inamwondoa hatiani mume wa msichana wa miaka 15 na kuendelea ambaye hawajatengana. Baba mjanja hahitaji wakili kuliona tundu hilo. Anasubiri mtihani uishe.

Alhamisi, Dodoma hadi Nzega

Bahi, Manyoni, Singida, kisha mteremko wa Sekenke na tambarare ya Igunga. Njia ni ndefu na haina mengi ya kusema kwa mada hii mpaka saa za mchana, watoto wanapoanza kuonekana barabarani na rula mikononi. Mtihani umekwisha.

Wanaofanya kazi ya kulinda watoto mikoa hii wanaufahamu mtindo mmoja ambao mgeni hupata shida kuuamini: mzazi kumwagiza binti afeli. Anaambiwa ajaze majibu ovyo, wakati mwingine kwa vitisho, wakati mwingine kwa ahadi ya nguo na simu. Matokeo yakitoka, jina lake halipo kwenye orodha ya waliochaguliwa, na hakuna ofisa wa kuuliza kwa nini mtoto aliyefeli haendi sekondari.

Kuna njia rahisi ya kulibaini jambo hili, na haigharimu shilingi. Shule nyingi hufanya moko, yaani mtihani wa majaribio, ya kata au ya wilaya kabla ya mtihani wa taifa. Mwalimu mkuu aziweke alama za moko za wasichana pembeni, na matokeo ya taifa yakitoka azilinganishe. Msichana aliyekuwa akipata B kwenye moko akaanguka hadi E kwenye masomo yote kwa pamoja anastahili kutembelewa nyumbani wiki hiyohiyo. Akisubiriwa hadi Januari, atakuwa ameshahamishwa.

Hatua ya pili ifanyike kabla hata ya matokeo: siku ya mwisho ya mtihani, orodha ya wasichana wote wa darasa la saba, ikiwa na jina la mzazi, kitongoji na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye kitabu cha uandikishaji, ipelekwe nakala moja kwa mtendaji wa kijiji na nyingine kwa afisa ustawi wa jamii. Mtendaji amwite balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji kila mwezi, wapitie majina: yupo, hayupo, kaenda wapi, kwa nani. "Kaenda kwa shangazi" lisikubalike kama jibu kamili. Shangazi ana jina na kijiji, na kijiji kina mtendaji mwenye simu.

Kwa aliyefeli kweli, mlango haujafungwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha masomo ya sekondari nje ya mfumo wa kawaida, na tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu hata waliokatiza shule kwa ujauzito warudi darasani. Watendaji wengi bado huzungumza na wazazi kana kwamba kufeli au kujifungua ni mwisho wa masomo, na hapo wanamwachia mshenga uwanja mtupu.

Ijumaa, Shinyanga

Hapa ndipo pa kukaa siku nzima, kwa sababu ya ng'ombe.

Mahari ya Kisukuma huhesabiwa kwa ng'ombe, na idadi hutegemea makubaliano: kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Watu wa mjini hupenda kusema baba "anamuuza" binti. Usemi huo unatia hasira lakini hauelezi kinachotokea. Mara nyingi ng'ombe wa binti hawakai zizini. Ndio wanaomwolea kaka yake, au wanalipa deni la mahari ya mama iliyokuwa haijaisha, au wanaziba pengo la mavuno yaliyoharibika. Kwa hiyo siku ng'ombe wa kwanza wanapovuka kutoka zizi moja kwenda jingine, familia mbili au tatu tayari zimefungamana. Ukija kuzuia baada ya hapo, si baba peke yake unayemdai awarudishe. Unadai kaka naye amrudishe mkewe. Hakuna kikao cha ukoo kitakachokubali kwa upole.

Ndiyo maana muda wa kuingilia kati ni kati ya mshenga kuja mara ya kwanza na ng'ombe kuvuka. Dalili ni hizi: wageni wa kiume wasio wa ukoo wanakuja jioni na kukaa na baba na wajomba, binti anapewa kitenge kipya au simu ambayo hakuna anayesema imetoka wapi, anapunguziwa kazi za machungani na kuongezewa za jikoni, mama anaanza kukwepa maswali ya mwalimu. Msimu nao unasema. Baada ya mavuno na mauzo ya pamba, fedha na ng'ombe vinapotembea, posa huongezeka. Mwaka wa ukame nazo huongezeka, kwa sababu nyingine: binti akiolewa, sahani moja inapungua nyumbani.

Taarifa ikishafika, makosa ni mengi na hujirudia. Kosa kubwa ni kwenda moja kwa moja kwa baba kumwonya. Usiku uleule binti atapakiwa kwenye pikipiki na kupelekwa wilaya nyingine. Mpangilio unaofanya kazi ni huu.

Kwanza ushahidi wa umri, tena kimyakimya. Cheti cha kuzaliwa ni bora, lakini wengi hawana. Kinachofuata kwa nguvu ni kadi ya kliniki, kisha kitabu cha uandikishaji wa darasa la kwanza, kisha cheti cha ubatizo. Piga picha ukurasa wenye jina lake na ukurasa wa jalada la kitabu chenyewe, ili mtu asije kusema karatasi hiyo ni ya shule nyingine. Hati ya kiapo ya mzazi iliyotolewa wiki hiyo isipewe uzito. Viapo vya "binti yangu ana miaka 18" hutengenezwa haraka. Karatasi zote zikikosekana, daktari anaweza kukadiria umri, lakini makadirio yana upana wa miaka kadhaa na wakili wa utetezi atautumia upana huo.

Pili, taarifa iende sehemu mbili kwa wakati mmoja: ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 hupigwa bure, na inamfaa jirani asiyetaka jina lake lijulikane. Kupeleka sehemu moja tu kuna hatari, kwani mtendaji anaweza kuwa ni shemeji wa mwoaji. Si tuhuma kwa watendaji. Vijiji ni vidogo na watu wameoana.

Tatu, mahali pa binti kulala usiku huo pajulikane *kabla* ya polisi kufika: ndugu wa upande wa mama anayeaminika, au mlezi wa muda aliyeidhinishwa na ustawi. Kesi nyingi huvunjika hapa. Binti anaokolewa saa tisa alasiri, saa mbili usiku hakuna pa kumweka, anarudishwa nyumbani "kwa usalama wake".

Nne, maelezo yake yachukuliwe mara moja, na askari wa kike, pasipo mzazi aliyepokea posa. Kila anaporudia kusimulia mbele ya ofisa mpya, maneno hubadilika kidogo, na tofauti hizo ndizo zitakazosomwa mahakamani.

Ikiwa ameshalala na mwanaume, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake; vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina siku tano. Polisi hutoa PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali, lakini matibabu yasiisubiri. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wako chini ya paa moja na binti hazungushwi.

Kisha inakuja kesi, na hapo ukweli ni mchungu. Shahidi mkuu ni binti, na binti anakula kwa watu wanaotaka kesi ife. Familia mbili hukaa, faini ya kimila hulipwa, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakati mwingine husimamia kikao, na siku ya kusikilizwa shahidi hayupo. Adhabu ya miaka 30 ilikusudiwa kuwatisha waoaji. Kwa tunavyoona, inawatisha mashahidi zaidi: mama ambaye angekubali kumwona mkwe akilipa faini na kuachana na binti yake hatakubali kutoa ushahidi wa kumfunga hadi uzee. Dawa si kupunguza ukali tu. Ni kumwezesha binti aishi, asome na ale mbali na watu hao hadi hukumu itoke, na bajeti ya hilo halmashauri nyingi hazina.

Jumamosi, bado Shinyanga

Siku fupi. Mageto. Shule ya sekondari ya kata inaweza kuwa kilomita nane au kumi kutoka nyumbani, na bweni halipo au limejaa. Wazazi hukodi chumba karibu na shule, wasichana wawili watatu wanalala humo, unga na maharage vinaletwa mwisho wa wiki. Vikichelewa, mwenye bodaboda au mwenye duka ananunua sabuni, kisha vocha. Mimba ikionekana, pande mbili huharakisha ndoa ili kuficha kesi. Kwa hiyo hesabu ya kuzuia ndoa inaingia hata kwenye gunia la unga: chumba cha geto kiwe na mama mwenye nyumba anayejulikana na shule, chakula kifike kwa tarehe isiyobadilika, na mwalimu wa malezi apite angalau mara moja kwa wiki, jioni, si asubuhi. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini hupata sehemu ya ruzuku kwa sharti la mahudhurio ya watoto shuleni. Pale mahudhurio yanapohakikiwa kwelikweli, sharti hilo hubana kuliko hotuba.

Jumapili, Mwanza

Hospitali ya Bugando hupokea wanawake wenye fistula ya uzazi kutoka kanda nzima ya Ziwa. Maelezo ya ugonjwa huu hurembwa sana kwenye semina, kwa hiyo tuyaseme yalivyo.

Nyonga ya msichana wa miaka 14 au 15 mara nyingi haijamaliza kupanuka. Kichwa cha mtoto kinashuka na kukwama. Uchungu unaendelea siku nzima, siku mbili, wakati mwingine tatu. Muda wote huo kichwa kinabana nyama laini kati yake na mfupa wa kinena. Damu haifiki, nyama inakufa. Mtoto kwa kawaida huzaliwa amekufa. Siku chache baadaye, mara nyingi ndani ya wiki moja au siku kumi, nyama iliyokufa inamegeka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya njia ya haja kubwa na uke. Mkojo unatoka bila kuzuilika, usiku na mchana.

Jambo ambalo vituo vya afya vidogo hulisahau: fistula mpya na ndogo inaweza kujifunga yenyewe. Mama aliyepitia uchungu pingamizi awekewe mpira wa mkojo mara moja na abaki nao, anywe maji mengi ili kibofu kisafishike, na mpira uangaliwe usizibe. Mkojo ukiwa umeshaanza kuvuja, mpira ukiwekwa mapema na kukaa wiki nne hadi sita huwaponya baadhi bila upasuaji. Wanaopasuliwa wakae bila kujamiiana kwa angalau miezi mitatu, na uzazi unaofuata uwe wa upasuaji uliopangwa. Hilo la mwisho ligeuzwe maandishi kwenye kadi yake, maana akirudi kijijini atajifungulia nyumbani tena. Nauli isiwe kisingizio: hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu bure, na kwa miaka mingi imekuwa ikiwatumia wagonjwa nauli kwa simu.

Fistula si hatari pekee, wala si ya kwanza kuua. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wanaozaa mara ya kwanza wakiwa wadogo. Kichwa kuuma mfululizo, macho kuona ukungu na uso kuvimba ni dalili za kwenda hospitali leo. Mkwe mdogo haruhusiwi kuamua kuondoka nyumbani. Anasubiri mama mkwe, mama mkwe anamsubiri mwanawe aliyeko mnadani. Umri unamnyima nyonga iliyokomaa na pia unamnyima sauti ya kusema "nipelekeni".

Jumatatu, Mwanza hadi Tarime

Magu, Lamadi, Bunda, daraja la Kirumi juu ya mto Mara, na unaingia nchi ya Wakurya. Hapa kalenda ni nyingine. Ukeketaji hufanyika kwa misimu, hasa Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa. Msichana akishakeketwa, jamii inamhesabu kuwa mtu mzima na posa zinaanza, hata akiwa na miaka 12. Ukimzuia ngariba, umeahirisha ndoa pia.

Kwa hiyo nyumba salama za Mara, kama ile ya Masanga, hazijai Septemba. Hujaa kuanzia Novemba hadi Januari. Maandalizi lakini ni ya sasa: magodoro, unga, dawa, taulo za kike, walinzi wa usiku, na makubaliano na polisi kuhusu nani anapigiwa simu wazazi wakija na marungu. Msichana aje na nini? Sare na madaftari, na kadi ya kliniki kama ipo. Wanaokuja mikono mitupu hupoteza wiki za Januari wakitafuta cheti cha uhamisho.

Sehemu ngumu ni kurudi nyumbani. Msimu ukiisha, ustawi na polisi hukutana na mzazi, na mzazi hutia sahihi kwamba hatamkeketa wala kumwoza. Sahihi hiyo inadumu pale tu mtu anaporudi kuangalia baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, na likizo ya Juni. Wapo wazazi wanaokataa kabisa, na binti hubaki kituoni kwa miaka. Wazee wa mila hupata sehemu ya malipo ya ngariba kwa kila msichana, kwa hiyo kuwaomba waache bila kuligusa pato hilo ni kupoteza chai ya kikao.

Kuna pia nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa msichana kwa mahari, ili msichana azae na mwanaume aliyechaguliwa, na watoto wawe wa ukoo wa mwenye kuoa. Kwa mwanamke mzee mwenye mji lakini hana mrithi, mila hii ina mantiki yake, na wapo watu wazima walioiingia kwa hiari. Ila inapomchukua msichana wa miaka 13, Sheria ya Ndoa haiitambui kwa kuwa inaeleza ndoa kuwa ni ya mwanaume na mwanamke, na baadhi ya maofisa hukosea kwa kusema "basi hakuna ndoa, hakuna kesi". Kesi ipo: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya 18 kuwa mtoto, na mwanaume anayeletwa kuzaa naye si mume hata kwa ile nafuu ya Kanuni ya Adhabu.

Jumanne, Sirari na Isebania

Mpaka unapita katikati ya soko na katikati ya koo. Upande wa Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka 18 kwa wote, na sheria ya 2011 inapiga marufuku ukeketaji wa umri wowote. Upande wa Tanzania, sheria ya 1998 inamlinda aliye chini ya 18. Wasichana huvushwa kwenda upande ambao askari wamelala mwezi huo. Njia za panya ni nyingi, mtoto hadaiwi pasi, na akiulizwa anaenda kwa bibi, kwa kawaida ni kweli kwamba ana bibi kule.

Kinachosaidia hapa ni mawasiliano ya watu wachache kabla ya Novemba: chifu wa upande wa Kuria Magharibi, mtendaji wa Sirari, askari wa dawati Tarime, afisa wa watoto Migori. Wabadilishane namba za simu na majina ya ngariba wanaojulikana. Namba 116 inafanya kazi nchi zote mbili, lakini simu inayopigwa Isebania inapokelewa Kenya, na taarifa haivuki mpaka yenyewe. Mtoto akipatikana upande wa pili, arudishwe kwa makabidhiano ya maandishi kati ya ofisi ya watoto na ustawi wa jamii, yakitaja umri wake, aliyemvusha na nyumba anayokwenda kulala. Kumpandisha bodaboda na kumwambia aende kwao ni kumkabidhi kwa watu walewale waliomleta.